Tufe Moja Dhidi ya Matufe Sita: Kanuni za Bolingi Zinamlinda Nani?

Jamaa yangu mmoja wa Umoja, tuliyekaa naye dawati moja chuoni kabla sijaachana na masomo (karo ilikataa, tusiingie huko leo), alitumiwa tufe la bolingi na binamu yake aliye Marekani. La mtumba, bila shaka. Lilikuwa limechezewa misimu kadhaa, lina mikwaruzo kama sahani ya kibandaski, na lilikuwa na matundu manne. Matatu ni ya vidole: gumba, cha kati na cha pete. La nne lilikuwa pembeni, peke yake, na sisi wote tuliolizunguka siku hiyo hatukujua ni la kazi gani. Mmoja wetu alisema pengine ni la kulitundikia.

Mashindano yenyewe hayakuwa makubwa. Jumba moja la bolingi hapa Nairobi, kiingilio Sh1,500, zawadi ni kikombe na chapaa kidogo. Jamaa alikuwa amefanya mazoezi miezi miwili, asubuhi za siku za kazi, saa ambazo bei ya mchezo hushuka. Siku ya siku, msimamizi akalichukua lile tufe, akaligeuza mara mbili, akaingiza kidole kwenye tundu la nne, akalirudisha. "Hili halichezi leo." Hakukuwa na kelele wala mzozo. Jamaa akaenda kuokota tufe la jumba kwenye rafu, lile la plastiki ambalo kila mteja wa wikendi hutia vidole, na kufikia saa saba mchana alikuwa nje akisubiri matatu. Kwenye leni ya jirani kulikuwa na mshindani aliyeingia akivuta begi la magurudumu lenye matufe sita. Yote sita halali.

Nilikasirika. Nikasema nitaandika kuhusu huyo msimamizi. Kisha nikaketi usiku tatu mfululizo nikisoma kanuni za United States Bowling Congress (USBC), shirika linalotunza sheria za mchezo huu Marekani, na ambalo orodha yake ya matufe yaliyoidhinishwa hutumika hata nje ya nchi hiyo. Msimamizi alikuwa sahihi. Hicho ndicho kinachoniwasha zaidi. Alifuata kanuni neno kwa neno, na bado mwenye matufe sita alilindwa na mwenye tufe moja akafungiwa mlango.

Kwa wewe ambaye umewahi kucheza bolingi mara moja tu, kwenye bathdei ya mtu, acha nieleze kidogo. Kutoka mstari wa kurushia hadi pini ya kwanza ni futi 60. Tufe halifai kuzidi ratili 16, yaani kilo 7 na ushei. Hayo unayaona kwa macho. Usichokiona ni mafuta. Sehemu kubwa ya leni hupakwa mafuta mepesi, na sehemu ya mwisho, karibu na pini, huachwa kavu. Tufe linateleza kwenye mafuta, likifika pakavu linashika na kukunja kona kuelekea pini. Linashika wapi na linakunja kiasi gani? Hapo ndipo mchezo ulipo. Inategemea mkono wako, ganda la tufe, kama ni korofi au limeng'arishwa, na kile kiini kizito kilichofichwa ndani.

Sasa, kila tufe linalopita hufuta mafuta kidogo na kuyaburuta mengine mbele. Kwa hivyo leni uliyoanzia siyo utakayomalizia. Mchezo wa kwanza unapiga straiki nne mfululizo, mchezo wa tatu unarusha vilevile kabisa na tufe linakwenda kwa shangazi yake. Mchezaji mzuri anasoma hayo mabadiliko na kujirekebisha. Swali la haki linaanzia hapo: ajirekebishe kwa kutumia nini?

Tuanze na lile tundu la nne. Fundi anapotoboa matundu ya vidole anapunguza uzito upande mmoja, kwa hivyo zamani aliruhusiwa kutoboa la ziada ili kusawazisha. Lakini mafundi ni watu wa kufikiria. Waligundua kwamba ukilitoboa mahali fulani, unabadilisha jinsi kiini kinavyolizungusha tufe: unaliongezea nguvu ya kukunja kona, ama unalipunguzia. Dawa ya usawa ikageuka silaha. Mwaka 2018 USBC ikatangaza mwisho wake, na kuanzia Agosti 1, 2020 tundu la kusawazisha likapigwa marufuku. Badala yake kiwango cha uzito unaoruhusiwa kuegemea upande mmoja kikapanuliwa hadi aunsi tatu, ili usihitaji tundu la kurekebisha. Kila tundu lililo kwenye tufe sharti liwe la kushikia, na sharti ulitumie kila unaporusha.

Nitakuwa mkweli, kanuni hiyo ina akili. Ni rahisi kuikagua: unahesabu matundu, unahesabu vidole. Hata ilani ilitolewa mapema, zaidi ya miaka miwili. Mimi nimeona sheria za kaunti zikitangazwa Ijumaa na askari wako barabarani Jumatatu, kwa hivyo siwezi kudharau miaka miwili. Mwaka huohuo wa 2020 USBC pia iliweka kiwango cha kasi ambayo matufe mapya yanaweza kunyonya mafuta ya leni, kwa sababu teknolojia ya viwandani ilikuwa imeanza kuushinda mchezo wenyewe. Hawakuwa watu wabaya waliokaa kwenye ofisi kupanga kuwanyanyasa maskini.

Ila hebu fikiria ni nani hasa aliyelihitaji lile tundu. Mwenye matufe sita hakulihitaji sana. Alikuwa na la kukunja sana, la kukunja kidogo, la kwenda moja kwa moja. Aliyelihitaji ni yule wa tufe moja au mawili. Kwake yeye, fundi na keekee walikuwa njia ya kuligeuza tufe la zamani likawa kama jipya kwa malipo kidogo. Marekani tufe jipya la kiwango cha mashindano huenda karibu dola 200, na mengine yanapita hapo. Kwa hela zetu hiyo ni kama Sh26,000 kabla hujalipia usafiri wa mzigo wa karibu kilo saba. Kulikuwa na milango miwili ya kubadilisha tufe lako, wa fundi na wa duka. Wamefunga wa fundi. Wa duka uko wazi saa 24.

Kuna kisa kingine ndani ya kanuni hiyohiyo ambacho vijana wengi hawakijui. Wengi wetu tumejifunza bolingi kwa video za Jason Belmonte, yule Mwaustralia anayerusha kwa mikono miwili bila kuingiza kidole gumba. Alianza hivyo akiwa mtoto mdogo katika jumba la bolingi la wazazi wake, kwa kuwa tufe lilikuwa zito kumshinda, na akaishia kuwa mmoja wa wachezaji wakubwa zaidi katika historia ya mchezo. Sasa wewe chukua tufe la mtumba lenye matundu matatu, ulirushe kama Belmonte. Umevunja kanuni! Tundu la gumba ambalo hulitumii linahesabiwa kuwa tundu la ziada. Uzibe, au uingize gumba.

Mwanzoni nilicheka niliposoma hivyo. Baadaye nikaona sababu: asiyetumia gumba angeweza kuligeuza tufe nyuma mbele, akapata tabia mbili tofauti ndani ya tufe moja. Ndiyo maana anatakiwa pia kuweka alama inayoonyesha kiganja kinakaa upande gani. Sawa, nimeelewa. Lakini ona inavyorudi palepale. Tabia mbili katika tufe moja ni haramu. Tabia mbili katika matufe mawili yaliyonunuliwa ni halali, tena ukipiga picha unapata "likes".

Msasa ndio unaonikera zaidi. Ganda la tufe ukilisugua kwa msasa mkali linakuwa korofi, linashika mapema. Ukilisugua kwa msasa laini na kuling'arisha, linateleza mbali zaidi. Huhitaji mashine kubwa kufanya hivyo, mikono yako inatosha na kipande cha msasa ambacho kwa hadwea hakifiki Sh100. Haya ndiyo mabadiliko ya bei nafuu kuliko yote katika mchezo huu, na yanahitaji ujuzi: ujue leni imebadilika namna gani, ujue ukorofi wa kiasi gani utakusaidia, usugue sawasawa kote. Kijana wa Kayole na bingwa wa televisheni wako sawa mbele ya msasa.

Kanuni inasema hivi: kabla ya mashindano kuanza, sugua upendavyo. Mara tu pointi zinapoanza kuhesabiwa, msasa unarudi begini. Ukilisugua tufe katikati ya mashindano, tufe hilo linaondolewa.

Weka hiyo kanuni kando ya begi la magurudumu. Mwenye matufe sita huyasugua yote nyumbani, kila moja kiwango chake. Moja korofi la mchezo wa kwanza, jingine la wastani, jingine linang'aa kama kioo cha kinyozi. Mafuta yakibadilika, yeye anainama tu na kuokota lingine. Je, amebadilisha ganda katikati ya mashindano? Kwa kanuni, hapana. Kwa ukweli, ndiyo, ila alifanya kazi hiyo jana kwa kutumia Sh156,000. Mwenye tufe moja anaona mabadiliko yaleyale, anajua dawa ileile, ana msasa mfukoni, na anaambiwa akae hivyo hivyo mpaka mwisho. Wote wawili wana akili. Mmoja ameruhusiwa kuitumia.

Najua jibu litakalotolewa, kwa sababu nililitoa mwenyewe nikibishana na jamaa. Watu arobaini wakianza kusugua, mchezo utachelewa. Vumbi litajaa kwenye sehemu ya kukimbilia na mtu atateleza. Mkaguzi mmoja hawezi kuwatazama wote, na wajanja wataweka mkanda wa ukorofi upande mmoja tu wa tufe. Hoja hizo ni za kweli. Lakini zote ni za usimamizi, na za usimamizi zina dawa: dakika tano kati ya mchezo mmoja na mwingine, meza moja pembeni, msimamizi amesimama hapo. Sioni hata moja inayosema kwamba kusugua ni udanganyifu.

Wala sisemi kila mtu aachwe afanye atakalo. Historia ya mchezo huu inaonyesha ukiachilia kabisa inakuwa balaa. Mwaka 1973 kulikuwa na mchezaji wa Marekani kwa jina Don McCune aliyekuwa akilowesha matufe yake ya plastiki kwenye kemikali kali ili ganda lilainike. Ganda laini hushika leni vizuri kuliko gumu. Wakati huo hapakuwa na kanuni ya kumzuia. Mwaka huo alishinda mataji sita na akatawazwa mchezaji bora wa mwaka wa chama cha wachezaji wa kulipwa, PBA. Wengine nao wakaanza kulowesha. Wewe jiulize, hizo kemikali ni za kuvuta moshi wake kwenye chumba kimoja cha Pipeline chenye dirisha moja? Ndipo kipimo cha ugumu kikaingia. Kuna kifaa kidogo kinaitwa duromita. Kinabonyeza sindano kwenye ganda na kusoma nambari. Tufe likiwa laini kupita kiwango, linakaa nje. Hiyo ndiyo kanuni ninayoiheshimu kuliko zote: inawaokoa watu na sumu, inapimika hapo hapo, na haijali una matufe mangapi.

Shida ni kwamba kipimo hicho hicho kimekuja kumwangukia mtu ambaye hajagusa kitu. Machi 2022 USBC iliondoa kwenye orodha yake tufe liitwalo Spectre, la kampuni ya Storm, baada ya kulipima na kukuta ugumu uko chini ya kiwango. Mwaka 2016 yalikuwa yameondolewa matufe mawili ya kampuni ya Motiv, Jackal na Jackal Carnage, kwa sababu kiini chake kilipita kipimo kinachoruhusiwa, ambacho ni inchi 0.060. Hapa hakuna msasa, hakuna ndoo ya kemikali kwenye gereji. Mtu alienda dukani, akalipa, akatobolewa kulingana na vidole vyake, akazoea, kisha asubuhi moja akaambiwa tufe lako si halali. Hata pale kampuni inapojitolea kumpa lingine, nani atamlipa fundi wa kutoboa upya? Na yule aliyelinunua mkono wa pili, bila risiti, aliye Nairobi au Kampala, ataenda kudai wapi?

Kwa hivyo mchezaji akibadilisha, ni kosa lake. Kiwanda kikikosea, bado anayebeba ni mchezaji.

Kama unadhani haya ni mambo ya Wamarekani na matufe yao, kumbuka viatu. Sisi Wakenya tumeishi ndani ya huu ubishi. Oktoba 12, 2019 Eliud Kipchoge alikimbia Vienna kwa saa 1:59:40. Kesho yake Brigid Kosgei akavunja rekodi ya dunia ya wanawake Chicago kwa saa 2:14:04. Badala ya dunia kuzungumzia mapafu na miguu, ikazungumzia soli. Januari 2020, World Athletics ikasema soli ya kiatu cha barabarani isizidi milimita 40, na kiatu kipya kiwe kimeuzwa madukani kwa miezi minne kabla ya kushindaniwa. Mwaka uliofuata, hukohuko Vienna, Derara Hurisa wa Ethiopia alimaliza wa kwanza na kunyang'anywa ushindi kwa sababu soli zake zilikuwa milimita 50. Taji likaenda kwa Mkenya, Leonard Langat. Tulishangilia, si uongo. Lakini kile kipengele cha kuuzwa madukani kilinibaki kichwani. Kiatu kuwepo dukani ni kitu kimoja, wewe kuweza kukinunua ni kingine. Nenda Iten uwaulize wale chipukizi wanaofanya mazoezi na viatu vilivyotolewa na kaka zao.

Angalau mwanariadha anakimbia na jozi moja. Hakuna anayesimama kilomita ya 30 kufungua begi na kuvaa kiatu cha mlimani. Bolingi inaruhusu hilo, tena mara sita.

Pendekezo langu ni hili, na wakubwa wa mchezo wakiliona la kijinga wanijibu kwa hoja. Wekeni kikomo cha matufe kwa kila mchezaji katika mashindano ya ligi na ya vijana. Mawili: moja la kupigia, moja la spea. Kisha ruhusuni msasa wa mkono kati ya mchezo na mchezo, mezani, mbele ya msimamizi. Tundu la nne libaki marufuku, mimi sililii tena. Ukiwa na kikomo cha matufe, mwenzako naye hana begi la kukuzidi. Duromita iendelee na kazi yake. Tufe likiondolewa kwa kosa la kiwanda, kanuni yenyewe ilazimishe kiwanda kulipa tufe na kutoboa, isiachiwe hisani yao. Na mashindano ya hapa nyumbani yachapishe kanuni zake kwenye fomu ya kujiandikisha, kwa lugha ambayo mtu anaelewa, kabla hajalipa kiingilio. Jamaa yangu angejua mwezi mmoja mapema, angeziba tundu lake. Aliambiwa kwenye leni.

Najua kampuni hazitapenda. Zinaishi kwa kuuza tufe jipya kila msimu, na kikomo cha matufe mawili kinawagusa mfukoni. Pia kuna wachezaji wazuri, wa kweli, watakaosema kwamba kuchagua tufe sahihi kati ya sita ni ujuzi kama ujuzi mwingine. Ni kweli, ni ujuzi. Ni ujuzi ambao kuufanyia mazoezi kunagharimu Sh156,000, na kuubeba kwa matatu ya Umoja ni kilo arobaini za mzigo. Makanga atakulipisha viti viwili.

Jamaa hajaacha mchezo. Tulizunguka wiki mbili tukitafuta wa kuziba lile tundu, kwa maana fundi wa matufe hapa mjini ni wa kutafutwa kwa tochi. Mwishowe tukaangukia fundi mmoja wa jua kali anayetengeneza bampa za magari kwa gundi ngumu ya maji mawili. Alilitazama tufe kama mtu aliyeletewa yai la mbuni, akauliza linakula nini, kisha akaanza kazi. Alisubiri gundi ikauke siku mbili, akalisugua taratibu kwa msasa mpaka ukipitisha kidole huoni mpaka. Sh700. Rangi haijafanana, kuna doa la kijivu upande mmoja, lakini matundu sasa ni matatu, na yote matatu anayatumia. Mashindano mengine ni mwezi ujao. Amelipa Sh1,500 zake, na msasa atauacha nyumbani.